Sarafu, Mabwana na Vibarua: Uhakiki wa Vitabu Vitatu vya Uchumi, Historia na Tawasifu

UTANGULIZI

Imekuwa desturi ya waandishi wa mambo ya fedha, mwaka unapokaribia kwisha au msiba fulani unapolikumba soko, kuwatajia wasomaji wao vitabu vinavyofaa kusomwa. Orodha hizo hufanana. Aghalabu huwa na mafungu matatu: vitabu vya nadharia ya uchumi, vitabu vya historia, na tawasifu za watu walioshika fedha au walioumizwa nayo. Mgawanyo huo una maana. Nadharia humwonyesha msomaji sababu, historia humwonyesha mfuatano wa mambo, na tawasifu humwonyesha mtu. Anayesoma aina moja na kuziacha nyingine mbili ni sawa na kadhi aliyemsikiliza shahidi mmoja kisha akakata hukumu.

Hata hivyo, orodha za namna hiyo zina upungufu ambao yafaa uchunguzwe na wanafunzi wa lugha na fasihi pia, wala wasiachiwe wataalamu wa uchumi peke yao. Vitabu vinavyotajwa mara nyingi hutoka katika miji yenye mabenki makubwa, na huwahusu watu wa miji hiyo. Msomaji huachwa na fikira kwamba fedha ina masimulizi mahali inapotolewa, lakini haina masimulizi mahali inapotolewa jasho. Makala haya yanakusudia kuhakiki vitabu vitatu, kimoja kwa kila fungu, ambavyo havijazoea kukaa katika rafu moja. Cha kwanza ni The Economic Consequences of the Peace cha John Maynard Keynes, kilichotoka Desemba 1919. Cha pili ni Lords of Finance cha Liaquat Ahamed, kilichotoka mwaka 2009. Cha tatu ni tawasifu ya Harry Thuku, iliyochapishwa na Oxford University Press mjini Nairobi mwaka 1970, ambayo mwenyewe aliiandika kwa msaada wa mwanahistoria Kenneth King.

Viwili vya kwanza vinajulikana sana kwa wasomaji wa mambo ya fedha. Cha tatu husomwa na wanafunzi wa historia ya siasa za Kenya, na ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa vitabu vya uchumi. Dai la makala haya ni kwamba vitabu vyote vitatu vinahusu tatizo moja, nalo ni hili: thamani ya sarafu ikibadilishwa na wakubwa, ni nani hulipa tofauti? Tena inadaiwa kwamba tawasifu ya Thuku inajibu sehemu ya swali hilo ambayo vitabu viwili vya kwanza, pamoja na ubora wao wote, haviigusi.

KEYNES NA HESABU ZA AMANI

Keynes aliiwakilisha Hazina ya Uingereza katika mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919. Mwezi wa Juni mwaka huo alijiuzulu kwa sababu aliyaona masharti yaliyokuwa yakitungwa dhidi ya Ujerumani kuwa hayatekelezeki na yenye madhara kwa Ulaya nzima. Akaenda mashambani, na kabla ya mwaka kwisha kitabu kilikuwa kimekwisha kuchapishwa, yeye mwenyewe akiwa amekubali kuzibeba gharama za uchapaji. Katika muda mfupi ziliuzwa nakala zaidi ya 100,000, na kikafasiriwa katika lugha nyingi.

Hoja yake kuu ni nyepesi kuieleza. Ujerumani ilitakiwa ilipe fidia, na papo hapo ikanyang'anywa vyombo vya kuipatia mapato ya kulipa. Keynes alikadiria kwamba kiasi cha haki, na ambacho huenda kingewezekana, hakikuzidi sana pauni milioni 2,000. Mei 1921 washindi walitaja deni la alama za dhahabu bilioni 132, yaani zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Mdaiwa aliyefungwa mikono hawezi kulima, na asiyelima hana cha kumlipa mdai: huo ndio uti wa mgongo wa kitabu.

Lakini si hoja peke yake iliyokifanya kitabu hicho kidumu. Keynes alikuwa na kipaji cha kuchora wahusika. Clemenceau wa Ufaransa anaonyeshwa akiwa kimya katika kiti chake, mikono yake ndani ya glavu za kijivu, hana tumaini kwa binadamu yeyote isipokuwa nchi yake. Wilson wa Marekani anachorwa kama mhubiri mzito wa akili aliyezungukwa na wajanja. Picha ya Lloyd George aliiondoa kabla ya kuchapisha, ikatokea mwaka 1933 katika kitabu kingine. Kwa fani, sehemu hiyo inakaribia tamthilia, na ndiyo iliyowavutia wasomaji ambao wasingaliweza kuvumilia majedwali ya makaa ya mawe na chuma yanayofuata.

Kitabu hiki kimepata wapinzani wake. Mwenye nguvu kuliko wote alikuwa Mfaransa Étienne Mantoux, ambaye jibu lake lilitoka mwaka 1946 baada ya yeye mwenyewe kuuawa vitani. Mantoux alionyesha kwamba mambo kadha aliyoyatabiri Keynes hayakutokea, na kwamba kitabu kiliwafanya Waingereza na Wamarekani wauonee haya mkataba walioutia sahihi. Hoja hizo ni nzito. Hata hivyo upungufu ambao makala haya yanataka kuutaja ni wa aina nyingine, nao umo katika mtazamo wa kitabu.

Mwanzoni mwa kitabu Keynes anaieleza dunia ya kabla ya 1914 kwa kumchukua mkazi wa London aliyelala kitandani asubuhi, akinywa chai yake, huku akiagiza kwa simu bidhaa za kila pembe ya dunia na kuweka mtaji wake katika nchi yoyote aitakayo. Ni picha nzuri, na kejeli yake inaeleweka, maana Keynes ataka kuonyesha jinsi mtu huyo alivyodhani hali hiyo ni ya milele. Lakini upande wa pili wa simu hiyo ni mtupu. Chai imechumwa na nani? Mtaji uliowekwa mbali unazaa faida kwa mikono ya nani? Msomaji haambiwi. Vivyo hivyo, Keynes anapozitaja nguzo za uchumi wa Ujerumani zilizobomolewa na mkataba, makoloni yamo katika fungu moja na meli za biashara na mitaji iliyowekwa nchi za nje. Tanganyika, Rwanda na Urundi ni vitu vilivyotolewa katika daftari la huyu na kuingizwa katika daftari la yule. Vita hivyohivyo vilikuwa vimewaua makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, ambao jina la kikosi chao limebaki hadi leo katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hesabu za amani hazikuwa na safu ya watu hao, wala mkosoaji mkubwa wa hesabu hizo hakuidai.

AHAMED NA MABWANA WANNE

Liaquat Ahamed alizaliwa Kenya mwaka 1952, akasomea Uingereza na Marekani, akafanya kazi katika Benki ya Dunia na baadaye katika kampuni za uwekezaji. Yeye basi ni mtu wa fedha aliyeingia katika historia, na kitabu chake kilipata Tuzo ya Pulitzer ya historia mwaka 2010. Kilitoka wakati mabenki ya Marekani na Ulaya yalipokuwa yakiyumba kwa msukosuko ulioanza 2007 na 2008, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendekezwa kwake kila mahali. Wasomaji walitaka kujua kama yaliyotokea 1929 yangerudi.

Ahamed anazisuka pamoja habari za magavana wanne wa benki kuu: Montagu Norman wa Uingereza, Benjamin Strong wa New York, Émile Moreau wa Ufaransa na Hjalmar Schacht wa Ujerumani. Wa tano ni Keynes mwenyewe, ambaye katika kitabu hiki anashika nafasi ya mpinzani anayesema kweli wala hasikilizwi. Kila mmoja ana tabia yake. Norman ni msiri mwenye maradhi ya mishipa ya fahamu, anayesafiri kwa jina la kukopa ili waandishi wa magazeti wasimtambue. Strong ni mgonjwa wa kifua anayeubeba urafiki wake na Norman kama amana, na anafariki Oktoba 1928, mwaka mmoja kabla ya soko la hisa la New York kuanguka. Moreau ni mtumishi wa serikali mwenye moyo wa mkulima anayeichunga dhahabu yake. Schacht ni mjanja mwenye majivuno. Sifa yake ilianza Novemba 1923, wakati dola moja ilipofikia alama bilioni 4,200 na serikali ikaleta sarafu mpya. Baadaye alimtumikia Hitler, akashtakiwa Nuremberg na kuachiliwa mwaka 1946.

Sifa kubwa ya kitabu ni uwezo wake wa kueleza mambo magumu kwa lugha ya masimulizi. Mathalani, mzunguko wa madeni ya miaka hiyo, ambao huwatatiza hata wanafunzi wa uchumi, unaeleweka mara moja: Ujerumani yadaiwa fidia na Ufaransa na Uingereza, hizo zadaiwa mikopo ya vita na Marekani, na Marekani yaikopesha Ujerumani ili iweze kulipa. Fedha inazunguka pale pale, na kila mmoja anajiona tajiri maadamu wa nyuma yake hajasimama. Marekani ilipoacha kukopesha, mzunguko wote ukakatika.

Dai la Ahamed ni kwamba msiba huo haukuwa wa majaliwa. Ulitokana na maamuzi ya watu, na uamuzi mkubwa kuliko yote ulikuwa kuzirudisha sarafu katika mfumo wa dhahabu kwa vima visivyofaa. Aprili 1925 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, aliirudisha pauni kwenye dhahabu kwa kima cha zamani cha dola 4.86, kana kwamba vita havikupita. Tangu siku hiyo bidhaa za Uingereza zikawa ghali katika masoko ya nje. Wenye migodi ya makaa ya mawe wakataka kuipunguza mishahara ya wachimbaji, na Mei 1926 ukatokea mgomo mkuu wa wafanyakazi. Septemba 1931 Uingereza iliiacha dhahabu, baada ya miaka sita ya taabu.

Kasoro ya kitabu inatokana na sifa yake yenyewe. Mwandishi anayesimulia uchumi kwa maisha ya mabwana wanne hulazimika kuiona dunia kutoka vyumbani mwao. Wachimbaji wa 1926 wanapita kwa haraka. Wakulima na vibarua wa makoloni, ambao sarafu zao zilifungwa kwa pauni pasipo wao kuulizwa, hawapati nafasi. Inawezekana kujibu kwamba kitabu hakikukusudia kuwahusu, na mwandishi hahukumiwi kwa kitabu ambacho hakukiandika. Jibu hilo ni la haki. Lakini msomaji wa Kenya hawezi kuacha kuona kwamba mwandishi aliyezaliwa nchini humo amekaa karibu sana na kisa ambacho kingeithibitisha hoja yake mapema kuliko cha Churchill.

THUKU NA SIMU YA HAZINA

Harry Thuku alizaliwa Kambui, Kiambu, mwaka 1895, akapata elimu kidogo kwa wamisionari, akaja Nairobi mwaka 1911. Mwanzo wake mjini haukuwa wa kujivunia, maana alifungwa miaka miwili kwa kughushi hundi, na katika tawasifu halifichi jambo hilo. Baadaye alifanya kazi ya kupanga herufi katika gazeti la walowezi, kisha akaajiriwa kuwa mwendesha simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi. Hapa msomaji aliyetoka kwa Keynes hana budi kusita. Simu ya yule mkazi wa London, ambayo upande wake wa pili ulikuwa mtupu, sasa ina mtu. Ni kijana anayeunganisha maneno ya wakubwa wa fedha, na ambaye mwenyewe halipwi kwa pauni.

Mambo yaliyomwingiza katika siasa yalikuwa manne: kupunguzwa kwa mishahara, kupanda kwa kodi, kipande ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua, na kazi za lazima, ambazo wanawake na wasichana nao walishurutishwa kuzifanya. Juni 1921 alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, na mwezi uliofuata chama hicho kikapanuliwa kuwa East African Association ili kiwachukue watu wa makabila mengine. Malalamiko yalipelekwa London kwa simu ya maandishi. Kazi ya Hazina ikampotea kwa sababu ya siasa. Machi 14, 1922 alikamatwa, na Machi 16 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kutaka aachiliwe. Wanawake walikuwa mbele, na miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa uoga wao. Polisi walipiga risasi, watu zaidi ya ishirini wakafa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku alipelekwa Kismayu, na hakurudi nyumbani ila baada ya miaka minane na zaidi.

Kwa fani tawasifu hii ni ya kawaida. Lugha yake ni kavu, haina mapambo, na masimulizi yanafuata miaka. Kuna masuala ambayo mhakiki hapaswi kuyafumbia macho. Kwanza, kitabu kilitungwa karibu miaka hamsini baada ya matukio yake makuu, na mkono wa msaidizi umo ndani yake, hivyo si rahisi kujua kila mahali ni wapi kumbukumbu ya mzee inakoma na mpangilio wa mwanahistoria unaanza. Pili, siku ya risasi mwenyewe alikuwa kizuizini, na kisa kilichomfanya ashuhurike kilitendwa na wengine. Tatu, baada ya kurudi kutoka uhamishoni Thuku aligombana na wenzake katika Kikuyu Central Association, akawa mkulima wa kahawa aliyefanikiwa, akaipinga Mau Mau. Sehemu hizo za kitabu zina harufu ya kujitetea. Aliyeanza kwa kuutetea mshahara alimaliza akiwa miongoni mwa wenye mashamba, na tawasifu haijiulizi sana juu ya safari hiyo. Lakini kasoro hizi hazikitoi kitabu katika fungu la vitabu vinavyofaa. Tawasifu za Schacht na za mabwana wenzake nazo zimejaa kujitetea, na hakuna anayezikataa kwa sababu hiyo.

KIMA CHA SARAFU NA THELUTHI YA MSHAHARA

Ili uhusiano wa vitabu hivi udhihirike, yafaa jambo moja lielezwe kwa urefu, nalo ni kubadilishwa kwa sarafu ya Afrika Mashariki.

Kabla ya vita, sarafu ya Kenya ilikuwa rupia, na rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Rupia ilikuwa sarafu ya madini ya fedha. Baada ya vita bei ya madini hayo ilipanda mno, na pauni nayo, ikiwa imekwisha kuachana na dhahabu, ikashuka thamani. Hivyo rupia ikapanda hata ikapita shilingi mbili za Kiingereza. Mwaka 1920 serikali ya London iliamua kuifunga rupia katika kima cha shilingi mbili, yaani rupia 10 kwa pauni. Mwaka huohuo florini ikashika mahali pa rupia, na mwaka 1921 shilingi ikaamriwa ishike mahali pa florini. Bodi ya sarafu iliyoundwa London mwaka 1919 ndiyo iliyokuwa na mamlaka juu ya fedha hiyo, na iliendelea hadi Kenya ilipopata benki kuu yake mwaka 1966.

Tazama sasa hesabu ya mlowezi. Aliyekuwa na deni la rupia 1,500 benki alijua anadaiwa pauni 100. Baada ya uamuzi wa London deni lilelile lilikuwa pauni 150, naye mazao yake aliyauza kwa pauni, na bei ya mazao ilikuwa ikianguka. Alikuwa na haki ya kulalamika, na alilalamika kwa sauti kubwa. Lakini benki haikupunguza deni. Kilichobaki mikononi mwake ni mshahara wa kibarua, na mwaka 1921 walowezi waliazimia kuipunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Kwa nini theluthi, wala si robo au nusu? Chukua kwa mfano mshahara wa rupia 6. Kwa kima cha zamani hizo zilikuwa shilingi 8, na kwa kima kipya zikawa shilingi 12. Ukiondoa theluthi ya 12 zinabaki 8. Kwa mlowezi basi, theluthi ilirudisha mambo yalivyokuwa. Kwa kibarua hesabu ilikuwa nyingine. Yeye hakununua chochote London. Alijua alikuwa na rupia sita, na sasa anapewa thamani ya nne, na nguo na majembe dukani havikushuka kwa theluthi. Kodi nayo haikukatwa theluthi. Ilipandishwa hadi rupia 8, yaani shilingi 16, na mwenye mshahara wa shilingi 8 alihitaji miezi miwili mizima kuilipa. Serikali iliishusha hadi shilingi 12 mwaka 1922, mwaka wa risasi za Nairobi.

Hapo ndipo vitabu vitatu vinapokutana. Mwaka 1925 Keynes aliandika kijitabu dhidi ya uamuzi wa Churchill, akieleza kwamba ukiipandisha thamani ya sarafu, mwajiri hutafuta kuipunguza mishahara, na mchimbaji wa makaa ndiye hutolewa kafara kwa ajili ya heshima ya dhahabu. Ahamed anaisimulia habari hiyo na kuiweka katikati ya kitabu chake. Kanuni ni ileile iliyofanya kazi Kiambu mwaka 1921, ingawa chanzo kilikuwa tofauti, maana huku kilichopandisha sarafu ni madini ya fedha na uamuzi wa kufunga kima, na huko ni dhahabu. Mgomo wa Mei 1926 ulitanguliwa kwa miaka minne na umati wa Machi 1922. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba mchimbaji alikuwa na chama, kura na mtetezi mwenye kalamu kama Keynes. Kibarua wa Kiambu alikuwa na mwendesha simu.

Na Keynes hakuwa mgeni wa rupia. Kabla ya umaarufu wake alikuwa karani katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia India, na kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1913, kilihusu sarafu ya India, ambayo ndiyo iliyokuwa mama wa sarafu ya Afrika Mashariki. Elimu ya kuliona tatizo alikuwa nayo kuliko mtu mwingine yeyote. Kilichokosekana ni masimulizi ya yule aliyekuwa akilipwa kwa rupia hiyo, na masimulizi hayo hayakupatikana katika kitabu hadi 1970.

SUALA LA LUGHA

Vitabu vyote vitatu vimeandikwa kwa Kiingereza, hata cha Thuku, ambaye hakuwahutubia watu wake kwa lugha hiyo. Mara kwa mara husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuzungumzia mambo ya fedha kwa undani. Madai hayo hayana msingi. Biashara ya pwani ilikipa Kiswahili riba, rehani, amana, hawala, mtaji, dalali, faida na hasara muda mrefu kabla benki ya kwanza haijajengwa Nairobi. Tippu Tip alipoandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, alizijaza frasila za pembe, mikopo na bei, na msomaji anafuata hesabu zake bila taabu. Shaaban Robert naye alionyesha katika Maisha Yangu kwamba tawasifu ya mtumishi wa serikali ya kikoloni yaweza kuandikwa kwa Kiswahili kitukufu. Neno fedha lenyewe, kwa kuwa ni jina la madini na la sarafu pia, linamweleza msomaji wa Kiswahili kisa cha rupia ya 1920 upesi kuliko lugha nyingi.

Kilichopungua ni kazi, wala si maneno. Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuitafuta hali ya uchumi ndani ya riwaya na tamthilia, na hilo ni jema. Lakini wameviacha vitabu vya uchumi vyenyewe, kana kwamba havina wahusika, fani wala msimamo. Uhakiki wa Keynes hapo juu umeonyesha kwamba vina vyote vitatu, na kwamba msimamo wake hujificha hasa katika picha zake zilizo nzuri.

HITIMISHO

Mwandishi wa fedha anayependekeza vitabu vya Keynes na Ahamed hampotoshi msomaji wake. Cha kwanza ni mfano bora wa mtaalamu aliyesema kweli akiwa na hasara ya kuisema, na cha pili kinaonyesha jinsi watu wenye akili na nia njema wanavyoweza kuivunja dunia kwa kuamini jambo moja kupita kiasi. Upungufu wa orodha hiyo ni kwamba inamwacha msomaji katika chumba cha gavana. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki yapendekezwa utaratibu mwingine: aanze na tawasifu ya Thuku ili alijue jeraha, aende kwa Keynes ili aijue sababu, kisha amalizie na Ahamed ili awajue waliokuwa na mamlaka ya kuzuia. Akifuata njia hiyo, atakapofika mahali Churchill anapotia sahihi yake mwaka 1925, hatahitaji kuambiwa ni nani atakayelipa, kwa maana atakuwa amekwisha kuwaona wakilipa Nairobi.

Kazi inayobaki ni ya vyuo na wachapaji. Kumbukumbu za makarani, wapagazi, wachuuzi na wachumaji wa kahawa wa miaka hiyo ni chache, na wengi wao walikufa bila kuulizwa. Wa miaka iliyofuata bado wako wazee wanaokumbuka mishahara yao ya kwanza, kodi zao na bei za dukani. Habari hizo zikikusanywa kwa Kiswahili zitakuwa fasihi na zitakuwa uchumi, na orodha za vitabu vya fedha zitakazoandikwa baadaye hazitakuwa na udhuru wa kuziacha.